"Wakili wangu hakunitetea": lalamiko hili linathibitishwa vipi?

Katika kazi yangu ya uwakili hapa Tanga, wengi wanaonijia kuhusu rufaa za jinai ni mama, wake na dada wa wafungwa waliopo Gereza la Maweni, na lalamiko wanalolitanguliza kabla hata ya kukaa ni kwamba wakili aliyesimama mahakamani hakumtetea ndugu yao. Lalamiko hilo huwa na ukweli mara nyingi kuliko mawakili wenzangu wanavyopenda kukiri. Hata hivyo, likiandikwa kwenye sababu za rufaa kama linavyosemwa mdomoni, yaani "wakili wangu hakunitetea vizuri", halimfikishi mrufani popote, kwa sababu mahakama ya rufaa haikai kutoa alama za ufundi wa mawakili. Inachotaka kujua ni kosa gani hasa lilifanyika, linaonekana wapi, na lisingefanyika hukumu ingekuwa na sura gani. Hilo swali la tatu ndilo linaloangusha madai mengi, na ndilo nitakalolikalia zaidi.

Nchi iliyoliweka jambo hili katika kanuni inayonukuliwa zaidi ni Marekani. Mwaka 1963, katika shauri la Gideon dhidi ya Wainwright, Mahakama Kuu ya nchi hiyo iliamua kwamba majimbo lazima yampe wakili mshitakiwa wa kosa kubwa asiye na uwezo wa kumlipa. Swali la wakili huyo anapaswa kuwa wa namna gani lilijibiwa kwa ukamilifu mwaka 1984, katika shauri la Strickland dhidi ya Washington. David Washington alikuwa amekiri mauaji ya watu watatu huko Florida, akahukumiwa kifo, kisha akalalamika kwamba wakili wake hakutafuta mashahidi wa tabia wala uchunguzi wa daktari wa akili kabla ya adhabu kutolewa. Jaji Sandra Day O'Connor, aliyeandika uamuzi wa wengi, alisema mlalamikaji lazima athibitishe mambo mawili. Kwanza, kwamba utendaji wa wakili ulishuka chini ya kiwango kinachokubalika kwa wakili wa kawaida mwenye kuijua kazi yake. Pili, kwamba upo uwezekano wa maana kwamba bila makosa hayo matokeo yangekuwa tofauti, na uwezekano wa maana alioukusudia ni ule unaotosha kutikisa imani ya mtu juu ya matokeo yenyewe. Washington alishindwa kwa yote mawili, na mwezi Julai mwaka huohuo adhabu yake ilitekelezwa.

Katika shauri hilo Jaji Thurgood Marshall hakukubaliana na wenzake, na mimi hoja yake naiona nzito hadi leo. Alieleza kwamba kumtaka mfungwa aonyeshe madhara aliyoyapata ni kumtwika mzigo usio wa haki, kwa kuwa huenda ushahidi wa madhara hayo haumo katika kumbukumbu za shauri kwa sababu ileile ya uzembe wa wakili. Swali ambalo wakili hakuuliza halina jibu, na shahidi asiyeitwa hana ukurasa wake katika mwenendo wa shauri. Anayetaka kuthibitisha lalamiko hili analazimika kwenda kukitafuta nje ya jalada kile ambacho wakili alipaswa kukiingiza ndani yake.

Nitoe mfano wa shauri lililokwisha siku nyingi, ambalo nimebadilisha baadhi ya mambo yake ili familia isitambulike. Bibi mmoja wa Ngamiani alinipa bahasha ya kaki iliyokuwa na nakala ya hukumu na mwenendo wa shauri la mjukuu wake, kijana aliyefungwa miaka 30 kwa unyang'anyi wa kutumia silaha. Familia iliuza kiwanja kumlipa wakili. Shahidi wa tatu wa upande wa mashtaka, ambaye ndiye aliyeibiwa, alieleza kwamba alimtambua kijana huyo usiku kwa mwanga wa taa ya kibarazani. Hakusema taa hiyo ilikuwa umbali gani, haikujulikana ilikuwa na nguvu kiasi gani, na hakueleza alimtazama mhalifu kwa muda gani. Mahali ambapo madodoso ya wakili wa utetezi yalipaswa kuandikwa, hakimu aliandika kwamba hakuna swali.

Nilimwamkia bibi, nikamweleza nilichokiona, kisha nikamuuliza kijana alikuwa wapi usiku ule.

"Alikuwa baharini, mwanangu. Ilikuwa giza, walikwenda dagaa."

"Na wakili mlimwambia, bibi?"

"Nilimwambia mimi mwenyewe, pale nje ya mahakama. Akasema, hayo mniachie mimi."

Kwa asiyekaa pwani, giza ni siku ambazo mwezi hauonekani, ambapo wavuvi wa dagaa hutoka na taa usiku kucha na kurudi alfajiri kwenye mnada. Kwa hiyo madai ya bibi hayakuwa maneno matupu, kwa kuwa yangeweza kupimwa kwa kalenda ya mwezi, kwa nahodha na mabaharia wa dau lile, na kwa daftari la mnada wa diko walikoshushia. Sheria yetu ya mwenendo wa makosa ya jinai inamtaka mshitakiwa anayekusudia kujitetea kwamba hakuwepo eneo la tukio atoe taarifa kabla usikilizwaji haujaanza, au angalau atoe maelezo yake kwa upande wa mashtaka kabla haujafunga ushahidi wake. Asipofanya hivyo, mahakama ina hiari ya kutoupa utetezi huo uzito wowote. Katika shauri hili taarifa haikutolewa. Kijana alipopanda kizimbani akasema alikuwa baharini, hakimu aliyapuuza maneno yake kuwa yamechelewa, na kwa jinsi sheria ilivyo hakimu huyo hakukosea.

Hapo yapo makosa mawili yanayotimiza sehemu ya kwanza ya kipimo cha Strickland bila shida. Kutotoa taarifa ya utetezi wa aina hii si mbinu; ni kutoijua sheria au kutoijali. Kutomdodosa shahidi wa utambuzi wa usiku ni jambo zito zaidi hapa kwetu kuliko wengi wanavyodhani, kwa sababu Mahakama ya Rufani ilikwisha kusema, pamoja na katika rufaa ya Nyerere Nyague dhidi ya Jamhuri, Rufaa ya Jinai Na. 67 ya 2010, kwamba asiyemhoji shahidi juu ya jambo fulani anahesabiwa kuwa amelikubali. Kimya cha wakili kinamfunga mteja. Tena, tangu shauri la Waziri Amani la mwaka 1980, mambo ya kuulizwa katika utambuzi wa usiku yanajulikana na kila aliyesoma sheria nchini: umbali, mwanga, muda wa kumtazama mhalifu, na kama shahidi alimfahamu kabla.

Hata hivyo, sikuweza kuandika sababu ya rufaa kwa hayo tu. Wakili anaweza kuwa na sababu nzuri ya kunyamaza. Yapo mashauri ambayo shahidi amesema kidogo, na kumuuliza ni kumpa nafasi ya kujazia mapengo, na kila wakili wa jinai mwenye uzoefu amewahi kukaa kimya kwa makusudi akashinda. Ndiyo maana mahakama za Marekani huanza kwa kudhani kwamba wakili alitenda kwa busara, na uamuzi wa kimbinu uliofanywa baada ya uchunguzi wa kutosha karibu haugusiki kabisa. Udhaifu wa kinga hiyo unapatikana katika maneno "baada ya uchunguzi". Wakili ambaye hakumtafuta nahodha hawezi kusema aliamua kutomwita nahodha. Mwaka 2003, katika shauri la Wiggins dhidi ya Smith, mahakama hiyohiyo ilikataa kuita mbinu uamuzi wa mawakili walioacha kuchunguza maisha ya utotoni ya mteja wao, ingawa dalili za mateso aliyoyapata zilikuwa mikononi mwao. Kwa hiyo, anayechunguza lalamiko la namna hii asianze na kilichosemwa mahakamani. Aanze na kile wakili alichokifanya, au hakukifanya, wiki za kabla ya usikilizwaji.

Hatua yangu ya kwanza ilikuwa kumwandikia barua wakili huyo. Wapo wanaoona aibu kufanya hivyo, na wapo wanaodhani ni kumtahadharisha adui, lakini ni heshima ya taaluma na pia ni njia ya kupata ushahidi. Alijibu kwa ufupi kwamba mteja hakuwahi kumtajia dau wala nahodha. Jibu hilo lilinisaidia zaidi kuliko kimya, kwa kuwa sasa palikuwa na jambo la kupimwa. Unyang'anyi wa kutumia silaha hauna dhamana, maana yake kijana alikuwa mahabusu tangu alipofikishwa mahakamani, na wakili anayekwenda kumwona mahabusu anaandikwa langoni. Rekodi za wageni zikionyesha kwamba hakuna wakili aliyefika kabla ya siku ya usikilizwaji, ule utetezi wa "hakuniambia" unabaki na maana nyingine kabisa, kwamba hakuulizwa. Familia zinazosoma hapa zishike hili: risiti za malipo, meseji za simu, tarehe alizokuja na asizokuja, vyote vitunzwe, kwa sababu vina uzito kuliko machozi ya ndugu wote waliokuwepo mahakamani. Wajue pia kwamba mteja akimtuhumu wakili juu ya ushauri aliompa, hawezi tena kuidai siri ya mazungumzo hayohayo. Wakili naye ana haki ya kujibu.

Baada ya hapo ikaja sehemu ya pili, ambayo ni kuonyesha tofauti ambayo ushahidi uliokosekana ungeileta. Nahodha alipatikana, akala kiapo. Daftari la mnada lilikuwa na jina la dau na uzito wa dagaa wa alfajiri ile, lakini halikuwa na majina ya mabaharia, na sikutaka kulifanya liseme lisilolisema. Swali halikuwa kama vitu hivyo vinathibitisha kwamba kijana hana hatia. Mshitakiwa hana mzigo wa kuthibitisha kwamba hakuwepo, anatakiwa tu kutia shaka yenye msingi katika hoja ya upande wa mashtaka. Hapo ndipo nguvu ya ushahidi uliobaki inapohesabiwa. Mashtaka yalisimama juu ya mtu mmoja aliyeona usiku, bila mali kukamatwa na bila maelezo ya kukiri. Kiapo cha nahodha kikiwekwa mbele ya ushahidi wa namna hiyo, matokeo yanatikisika. Lakini chukua kosa lilelile la wakili, taarifa ileile isiyotolewa, halafu mshitakiwa awe alikamatwa palepale na mali ya wizi mkononi mbele ya kijiji kizima: uzembe ni uleule, na rufaa haina kitu. Watu hulikasirikia jibu hili, nami nawaelewa, kwa sababu linaonekana kama kumwambia mtu anayeonekana mkosaji kwamba hana haki ya wakili mzuri. Ndivyo kanuni ilivyo hata hivyo.

Hapa kwetu pana ugumu wa ziada. Sheria zetu hazina kifungu kinachoutaja uzembe wa wakili kuwa sababu ya rufaa, na kwa upande wa maombi ya kuongezewa muda mahakama zimekwisha kusema mara nyingi kwamba uzembe wa wakili si sababu ya kutosha. Anayekuja na lugha ya Strickland peke yake atasikilizwa kwa adabu na kukataliwa kwa adabu. Njia iliyo wazi ni Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba ya mwaka 1977, inayompa mtu haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu, pamoja na kanuni ya sheria ya mwenendo wa jinai kwamba hukumu haibatilishwi kwa kasoro isipokuwa kasoro hiyo imesababisha haki kutotendeka. Nikiitazama kanuni hii ya pili naona sehemu ya pili ya kipimo cha Wamarekani imo humo tayari. Kinachobaki ni kumshawishi jaji kwamba kasoro iliyotoka kwa wakili wa utetezi inaweza kuwa kubwa sawa na ile iliyotoka kwa hakimu.

Tatizo jingine ni namna ya kukiingiza kiapo cha nahodha. Rufaa husikilizwa kwa kutazama mwenendo, si viapo vipya. Sheria inairuhusu Mahakama Kuu kupokea ushahidi wa nyongeza katika rufaa, lakini kanuni ya kawaida ni kwamba ushahidi huo uwe haukuweza kupatikana wakati wa usikilizwaji hata kwa juhudi za kutosha. Nahodha alikuwepo Tanga wakati wote! Hapo mrufani hana budi kusema waziwazi kwamba ushahidi ulikuwepo, ila mtu pekee aliyepewa kazi ya kuutafuta hakuutafuta, na kwamba mfungwa aliye mahabusu hakuwa na njia ya kwenda diko mwenyewe. Hoja hii iandikwe katika ombi la ushahidi wa nyongeza, isiachwe ikasemwa kwa mdomo siku ya rufaa.

Kwa rufaa ya mjukuu wa bibi, Jaji aliyeisikiliza aliifuta hatia kwa sababu ya udhaifu wa utambuzi. Kuhusu wakili hakusema neno lolote, na ombi la ushahidi wa nyongeza aliliona halina haja tena ya kuamuliwa. Sikuliona hilo kuwa pungufu. Mahakama ya rufaa ya kwanza ina wajibu wa kuupima upya ushahidi wote, na kosa la wakili likielezwa vizuri humwonyesha jaji mahali pa kutazama, hata kama hatakubali kulipa jina. Kwa sababu hiyo huwa naiweka hoja ya wakili baada ya hoja ya ushahidi.

Yapo mazingira ambayo madhara hayahitaji kuthibitishwa. Siku ileile ya Strickland, katika shauri la Cronic, Mahakama Kuu ya Marekani ilisema kwamba mshitakiwa akikosa wakili kabisa katika hatua muhimu, madhara yanadhaniwa tu. Mwaka 2001 mahakama ya rufaa ya mkoa wa tano nchini humo iliamua hivyo kwa Calvin Burdine wa Texas, ambaye wakili wake alikuwa akisinzia mara kwa mara wakati wa usikilizwaji. Na mwaka 2018, katika shauri la McCoy dhidi ya Louisiana, wakili aliwaambia wazee wa baraza kwamba mteja wake ameua, wakati mteja mwenyewe alikuwa akikana na kumkataza, na mahakama ikaamuru shauri lisikilizwe upya bila kuuliza matokeo yangekuwaje. Kukiri au kukana ni uamuzi wa mshitakiwa. Wakili ana ushauri tu.

Karibu na hilo ni hali ya wale ambao hawakuwa na wakili yeyote, nao ni wengi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu iliyopo Arusha, katika shauri la Alex Thomas la mwaka 2015 na la Mohamed Abubakari la mwaka 2016, iliona kwamba Tanzania ilivunja haki ya utetezi kwa kutowapa wakili wa bure watu walioshtakiwa kwa unyang'anyi wa kutumia silaha, wenye adhabu ya miaka 30. Mwaka 2017 tukapata Sheria ya Msaada wa Kisheria, inayompa hakimu au jaji mamlaka ya kuthibitisha kwamba mshitakiwa asiye na uwezo anahitaji msaada huo. Ama wakili akiwepo lakini akawa mbovu, mahakama za kimataifa huwa makini zaidi: serikali haibebi kila kosa la wakili, bali inapaswa kuingilia pale uzembe unapokuwa wa wazi au umefikishwa kwake. Funzo la hilo kwa mshitakiwa ni dogo na la maana sana. Anyanyuke, amwambie hakimu kwamba hajawahi kuzungumza na wakili huyu, na ahakikishe maneno hayo yameandikwa. Mlango wa Arusha kwa mtu mmoja mmoja dhidi ya Tanzania ulifungwa kwa mashauri mapya mwezi Novemba 2020, mwaka mmoja baada ya serikali kuondoa tamko lake la kuwaruhusu watu kuishtaki huko moja kwa moja, kwa hiyo maneno yanayoandikwa katika mwenendo wa hapa nyumbani yana thamani kubwa zaidi kuliko zamani.

Ninaulizwa pia na familia zenye vijana Marekani waliokiri makosa kwa ushauri wa wakili kisha wakajikuta wanarudishwa nyumbani. Kwao shauri la kulijua ni Padilla dhidi ya Kentucky la mwaka 2010, lililosema kwamba wakili lazima amweleze mteja asiye raia kama kukiri kutamhatarisha kufukuzwa nchini. Kipimo ni kilekile cha sehemu mbili, na katika sehemu ya pili kijana ataonyesha kwamba angepewa ushauri sahihi asingekiri. Lakini tangu mwaka 1996 muda wa kupeleka ombi la namna hii katika mahakama za shirikisho ni mwaka mmoja, ambao kwa kawaida huanza kuhesabiwa hukumu inapokuwa ya mwisho, na maombi mengi hufia hapo kabla kosa lenyewe la wakili halijajadiliwa.

Wapo wanaopeleka lalamiko kwa Kamati ya Mawakili wakidhani ndugu yao atatoka. Kamati inaweza kumwadhibu wakili hata kumfuta katika orodha, lakini haina mamlaka juu ya hatia ya mtu. Uamuzi wake unaweza kuwa kielelezo kizuri, ila siku za rufaa hazisimami kuusubiri: taarifa ya kukata rufaa Mahakama Kuu inatakiwa ndani ya siku 10, na mfungwa anaweza kuitoa kupitia mkuu wa gereza.

Na anayeshinda kwa hoja ya wakili peke yake ajue anachokishinda. Tiba ya kawaida ni kufuta usikilizwaji wa kwanza na kuanza upya, huku mrufani akirudi mahabusu kama kosa halina dhamana. Tangu uamuzi wa Fatehali Manji wa mwaka 1966, mahakama za Afrika Mashariki haziamuru usikilizwaji mpya ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo yake. Kwa hiyo, mfungwa ambaye ushahidi dhidi yake ulikuwa mwembamba tangu mwanzo, na ambaye amekwisha kukaa Maweni miaka mingi, ana sababu ya kuiomba mahakama imwachie huru badala ya kumrudisha kizimbani, na ombi hilo aliandike mwenyewe katika rufaa yake, kwa sababu mahakama hailazimiki kumpa asichokiomba.